Mali Bila Daftari: Sarafu za Wazee Wetu na Habari Zake



Neno pesa likitajwa masikio husimama, kwa hiyo niseme mapema kwamba pesa ninazotaka tuzizungumze leo hazinunui hata kikombe cha chai. Ni zile sarafu na noti kuukuu ambazo nyumba nyingi za watu wetu huku ugenini zinazo, iwe Maskati au Dubai, London, Leicester au Toronto. Zimo katika kopo la biskuti, katika mfuko wa kitambaa, ndani ya kitabu kisichofunguliwa, au chini ya sanduku lililokuja na meli. Aliyezileta anajua kila moja ilikotoka. Watoto wake wanajua nusu. Wajukuu wanajua kwamba ni pesa za zamani, basi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni msemo wa dukani: asiyeandika anachouza na anachokopesha atafilisika asijue fedha zake zimekwenda wapi. Lakini kwa hizi sarafu za majumbani mambo yamegeuka kidogo. Mali yaweza kubaki salama miaka mia ndani ya kopo, na habari ikawa imeshapotea zamani. Sarafu itatuambia yenyewe ni nani aliyeipiga. Ilipita mikono ya nani, ilikaa pamoja na nini, na ilifikaje hapa ilipo, hayo hayakuandikwa juu yake. Tutayaandika sisi, au hayataandikwa na mtu.

Ili nisionekane natia chumvi, nitaanza na mifano miwili ya sarafu za kwetu zilizobadilisha historia, si kwa sababu ya dhahabu au fedha yake, bali kwa sababu kuna mtu aliyeweka kumbukumbu.

Pemba, 1984

Mfano wa kwanza ni wa Mtambwe Mkuu, kwenye pwani ya magharibi ya Pemba, ng'ambo ya Wete. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walikuta huko akiba iliyofukiwa yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha zilipigwa huku huku kwetu pwani. Zina majina ya watawala, na mmoja wao ni Ali bin al-Hasan, jina linalojulikana pia kutokana na sarafu za shaba za Kilwa. Tatizo ni kwamba sarafu hizo hazina mwaka wala jina la mji. Mtu anaweza kuishika mkononi, akalisoma jina la sultani vizuri kabisa, asijue aliishi lini.

Dinari za dhahabu zilikuwa za kigeni, zikiwemo za dola ya Kifatimiya ya Misri, ambayo desturi yake ilikuwa kuandika mwaka. Dinari ya karibuni zaidi yenye mwaka ni ya mwaka unaolingana na 1066 Miladia. Kwa kuwa dhahabu na fedha zilifukiwa pamoja, tarehe ya moja ikaiangazia nyingine. Kabla ya hapo Neville Chittick, mtaalamu aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi, alimweka Ali bin al-Hasan mwishoni mwa karne ya 12. Baada ya Mtambwe ikaonekana kwamba mtawala huyo ni wa karne ya 11. Historia ya miji yetu ikarudi nyuma kwa takriban miaka mia moja, kwa sababu ya vitu viwili kukutwa mahali pamoja na mtu kuandika kwamba vilikuwa pamoja.

Sasa tufikiri ingekuwaje kama akiba ile ingeangukia mikononi mwa mtu mwenye haraka ya kuuza. Dhahabu ingekwenda kwa sonara, na fedha ingeuzwa moja moja kwa wageni. Sarafu zenyewe zingebaki nzima, pengine zingesafishwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo zikang'ara kuliko zilivyo leo. Kitu ambacho kingepotea hakishikiki kwa mkono, nacho ni ule ukweli kwamba zilikuwa pamoja.

Australia, 1944

Mfano wa pili uko mbali zaidi. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg aliwekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Siku moja akivua samaki ufukweni aliokota sarafu tisa. Akazitia katika kopo, na vita vilipokwisha akarudi nazo kwao. Zikakaa humo mpaka 1979, alipozipeleka kwa wataalamu zikatambuliwa. Nne zilikuwa za Kiholanzi, za ile Kampuni ya Mashariki ya Hindi. Tano zilikuwa za shaba, na zilitoka Kilwa.

Kilwa na visiwa vya Wessel vimetengwa na bahari nzima ya Hindi. Zilifikaje huko? Wako wanaosema zililetwa na mabaharia wa pwani yetu wenyewe, wako wanaosema zilipitia mikononi mwa Wareno, Waholanzi au Waindonesia. Wataalamu hawajakubaliana, na mwaka 2013 msafara ulioongozwa na mwanaanthropolojia Ian McIntosh ulikwenda kisiwani kutafuta dalili zaidi. Msafara huo uliweza kujua pa kutafuta kwa sababu Isenberg alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani, kuonyesha mahali alipoziokota. Bila alama ile ya kalamu zingekuwa sarafu tano za shaba zilizosagika, za nchi ya mbali, zilizokutwa ndani ya kopo la mzee fulani. Wala hakuna ambaye angefunga safari kwa ajili yake.

Lakini mfano huu una upande wake wa pili pia. Je, sarafu tisa zote zilikuwa mahali pamoja, au zilitawanyika? Zilikuwa juu ya mchanga au chini yake? Maswali hayo ni mepesi kwa mtu anayeandika jioni ya siku ile ile. Baada ya miaka 35 ni mazito hata kwa mwenye akili timamu.

Kopo la nyumbani ni akiba pia

Baadhi yenu mtasema: hayo ni mambo ya wataalamu, sisi tuna vijisenti vya bibi tu. Naomba tuvitazame vijisenti hivyo kwa jicho lile lile la Mtambwe.

Chukua kopo moja la mfano. Ndani yake mna pesa za shaba za Sayyid Barghash, rupia mbili tatu za Kihindi, senti zenye tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na shilingi zenye picha ya simba. Sarafu ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1963. Hamna hata moja ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa Juni 1966 na kutoa shilingi yake yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na Mwenge upande wa pili. Kopo hilo linasema kitu. Linasema kwamba mwenye nyumba aliacha kutumia pesa za kwetu kati ya 1963 na 1966. Mwenye kujua historia ya Unguja na mwaka 1964 hahitaji kuelezwa zaidi. Vivyo hivyo kopo la familia iliyofukuzwa Uganda mwaka 1972 litasimama pale pale ilipokatika safari yao.

Basi kanuni ya kwanza ya kumbukumbu za sarafu ni hii: kabla ya kuzipanga kwa nchi, kwa wafalme au kwa uzuri, andika kopo zima kama lilivyo. Hesabu ni ngapi, za aina gani, na zilikuwa ndani ya kitu gani. Piga picha kabla hujamwaga. Ikiwa mna mfuko ndani ya kopo, sarafu za ndani ya mfuko ziandike peke yake, kwa kuwa aliyezitia mfukoni alikuwa na sababu. Ukishazichanganya, hakuna mtaalamu wa London wala wa Maskati atakayekurudishia ulichokivuruga kwa dakika tano.

Kisha uliza. Huenda sarafu ya 1974 iliyomo humo ililetwa na mgeni aliyekuja kutembea, na ikatiwa tu kopo moja na nyinginezo. Sarafu haitakwambia hilo. Mzee atakwambia.

Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wenyewe

Wengi wetu tukishika sarafu hutafuta mwaka, tukiupata tunaona kazi imekwisha. Kwa pesa za sehemu zetu hapo ndipo kazi inapoanza.

Angalia reale ya Maria Theresa. Wazee wa pwani waliita reale ya Sham, wakaitenga na reale ya mzinga ya Kihispania, iliyopewa jina hilo kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilifanana na mizinga. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na Bahari ya Shamu walikuwa wameizoea sura yake na hawakutaka nyingine, kwa hiyo sarafu iliendelea kupigwa na mwaka ule ule wa 1780 juu yake. Ilipigwa Vienna katika karne ya 19, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Rome, London, Birmingham na Bombay. Reale yenye 1780 yaweza kuwa ilipigwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na yaweza kuwa ilipigwa wewe ukiwa shuleni. Wataalamu huzitenga kwa vitu vidogo sana, kama lulu za bizimu begani na manyoya ya mkia wa tai. Daftari lingeifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja. Ikiwa imeandikwa kwamba bibi alipewa reale hii katika mahari yake mwaka 1921, basi haikupigwa baada ya 1921. Hakuna ubishi tena.

Au angalia pesa ya shaba ya Sayyid Barghash bin Said, yenye picha ya mizani. Mwaka wake umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, 1299 au 1304, nao ni wa Hijria. Mwaka 1299 ulianza Novemba 1881 ukamalizika Novemba 1882, na kwa hiyo vitabu vingi huweka 1882. Asiyejua hilo ataandika kwamba familia yao ina sarafu ya karne ya 13, na mjukuu atakayesoma atakwenda kuringa nayo mbele za watu. Dawa yake ni nyepesi. Andika kwanza kile kinachoonekana kwenye sarafu, herufi kwa herufi. Halafu, mahali pengine, andika hesabu yako wewe. Ukikosea hesabu, wa baadaye atakusahihisha. Ukifuta kilichoandikwa na kuweka hesabu yako tu, umemfungia mlango.

Hata sarafu za Kiingereza zina mitego yake. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na wafalme watatu: George wa Tano alifariki Januari, Edward wa Nane akaacha ufalme Desemba, na George wa Sita akaushika. Edward huyo karibu hana sarafu popote ulimwenguni, lakini Afrika Mashariki ilizipiga zake, senti 5 na senti 10 zenye tundu. Zilihitaji jina la mfalme tu bila ya sura yake, na kazi yake ilikuwa imeshafanywa kabla hajaondoka. Mwenye kuandika "senti kumi, 1936" hajaandika kitu, kwani kuna ya George na ya Edward. Lazima aandike jina.

Tazama pia herufi ndogo ndogo. H ni ya Heaton wa Birmingham na KN ni ya King's Norton. I ni ya Bombay na SA ni ya Pretoria, ambako sarafu zetu zilipigwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pima na uzito. Shilingi ya simba ya kuanzia 1921 ilikuwa na fedha robo moja, ile ya kuanzia 1948 haina fedha hata chembe, na kwa macho zinafanana kama ndugu.

Noti ni taabu zaidi. Noti ya Bodi ya Sarafu ya mwaka 1964, yenye jahazi badala ya Malkia, haina tarehe. Noti za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania za 1966 nazo hazina. Hapo kinachosaidia ni saini, vyeo vya waliotia saini, na herufi zinazotangulia namba ya noti. Basi viandike vyote vitatu, na namba nzima ya noti. Siku noti ikiibiwa, namba hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba ni yako.

Majina yaliyokuwa midomoni mwa watu

Kuna jambo ambalo hulipati katika katalogi za wauzaji wa Ulaya na Marekani, nalo ni jina ambalo watu wenyewe waliiita sarafu. Hili ni letu na tunaweza kuliandika sisi tu.

Senti 5 ilikuwa ndururu. Senti 10 ilikuwa peni. Senti 50 ilikuwa sumuni au thumni, na shilingi 20 pauni. Neno thumni maana yake ni sehemu ya nane, na katika zama za reale lilikuwa sehemu ya nane ya reale kweli. Rupia ikaja, shilingi ikaja, jina likabaki likahamia kwenye sarafu nyingine. Kwa hiyo mzee akikwambia "tulinunua kwa thumni", uliza thumni ya wakati gani, kisha andika jibu.

Hela nayo ni hivyo hivyo. Wajerumani waligawa rupia yao ya Afrika Mashariki katika pesa 64, kisha mwaka 1904 wakabadili ikawa heller 100. Utawala wao ulikwisha katika Vita Kuu ya Kwanza, sarafu zao zikaacha kazi, na neno hela linaishi mpaka leo katika kila soko la Tanzania. Ukiona heller ya mwaka 1916 yenye herufi T, hiyo ilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawawezi kuletewa sarafu kutoka kwao. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likauteka mji. Sarafu za shaba za Tabora hazikutengenezwa kwa ustadi, na ndiyo sababu watu hudhani ni bandia wakazitupa. Familia inayojua kwamba babu alifanya kazi ya reli Tabora miaka ile, na inayo heller ya T ndani ya kopo, ina habari ambayo duka la sarafu haliwezi kuiuza.

Namna ya kuliandika daftari

Huhitaji kuwa mtaalamu. Nunua daftari gumu la karatasi nzuri. Ukipenda kompyuta, tumia programu yoyote ya majedwali, lakini chapisha nakala ya karatasi kila mwaka.

Kila sarafu au noti ipewe namba yake, na namba hiyo isitumiwe tena hata kama kitu kimeuzwa au kimepotea. Namba iandikwe kwa penseli juu ya bahasha kabla kitu hakijatiwa ndani, isiandikwe kamwe juu ya noti yenyewe. Bahasha ziwe za karatasi isiyo na asidi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa majimaji ya kijani yanayoila sarafu. Noti iliyochanika usiibandike utepe wa gundi. Na tafadhali, msisugue. Ndimu na majivu ni dawa ya sufuria. Ikisuguliwa sarafu haichafuki tena, na haisomeki tena.

Mfano wa ukurasa mmoja ungekuwa hivi:

Namba 14. Pesa moja ya shaba, Unguja. Upande mmoja mizani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu yenye jina la Barghash bin Said. Mwaka ulioandikwa: 1304. Hesabu yangu: 1886 au 1887. Uzito gramu 6.4, kipenyo milimita 25. Hali: imesagika, ukingo una pengo dogo. Ilikutwa ndani ya mfuko wa kitambaa cheupe, pamoja na namba 12, 13 na 15. Msimulizi: shangazi, kwa simu. Maneno yake: ilikuwa ya bibi yake wa Wete, watoto walikuwa wakiichezea. Sijajua: kama mfuko ni wa bibi au ni wa shangazi mwenyewe. Tarehe ya kuandika, na jina la mwandishi.

Tazama mistari ya mwisho. Alama za sarafu mtu mwingine anaweza kuzisoma baada ya miaka 200. Maneno ya shangazi yana muda wake. Kwa hiyo ukiwa na saa moja tu, anza na maneno ya shangazi, uzito utapimwa wakati wowote. Na usiogope kuandika usichokijua. "Sijajua" iliyoandikwa humwamsha msomaji akaulize, lakini uhakika wa uongo humlaza.

Kama kitu umekinunua, andika siku, mahali na bei, na uweke risiti. Kama kimetoka ardhini, hadhari. Sheria za nchi nyingi zinalinda vitu vya kale, na Tanzania Bara ina sheria yake ya mambo ya kale tangu 1964. Uingereza ina sheria ya hazina ya 1996, na tangu 1997 kuna mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa, ambao swali lake kubwa ni kile kile cha Mtambwe: kilikutwa wapi hasa? Usinunue sarafu ya Kilwa kwa mtu asiyetaka kukujibu swali hilo.

Nakala ziwe zaidi ya moja. Moja nyumbani, moja kwa ndugu aliye mji mwingine, na picha mahali pa tatu. Wanaorithi wajue daftari liko wapi. Nyumba ngapi zimegombana juu ya kopo, kila mmoja akidai kwamba marehemu alimwahidi ile reale? Mstari mmoja ulioandikwa na mwenyewe akiwa hai ungewatosha.

Pesa zilizokufa juzi

Tusidhani kwamba habari hizi ni za kina Barghash tu. Tarehe 1 Oktoba 2019 noti za zamani za shilingi 1,000 za Kenya ziliacha kuwa fedha halali, miezi minne tu baada ya mpya kutangazwa. Kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliwataka wananchi warudishe noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Wengi huku ugenini walikuwa nazo, zimebaki pochini tangu safari ya mwisho ya nyumbani, na muda ukapita kabla hawajapata wa kumpa azipeleke.

Noti hizo benki haizipokei tena. Lakini kila moja ilitoka mahali. Ni baki ya nauli ya kwenda uwanja wa ndege, au ni ile ambayo mama alimtia mtu mkononi siku ya kuondoka, akakataa kuitumia. Ukiiandika leo, yenye namba yake na siku yake, ni kipande cha historia ya uhamiaji wetu. Usipoiandika, baada ya miaka 40 itakuwa karatasi ya picha ya ndovu au kifaru.

Kuna watakaouliza thamani. Kweli ni kwamba sehemu kubwa ya vitu hivi si adimu. Pesa za mizani zilipigwa kwa wingi na mpaka leo zinauzwa rahisi. Noti za rupia za Unguja, zilizotolewa kuanzia 1908, ndizo adimu, kwa sababu shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936 watu walizirudisha wakalipwa. Mwenye nayo aende kwa mtaalamu wa kuaminika. Lakini kwa sisi wengine, sarafu ya bei rahisi yenye ukurasa wake katika daftari inaeleza zaidi kuliko ya bei ghali isiyo na neno.

Makumbusho makubwa yana wataalamu wa kusoma majina ya masultani. Hayana mtu wa kuwaambia ni nani aliyekuwa akizifunga pesa hizi kwenye ncha ya kanga, akaenda nazo sokoni Wete, au Malindi, au Mutrah. Watu wanaojua hayo bado tunao, wengine wako chumba cha pili. Ukimaliza kusoma, chukua daftari na kopo, ukae nao, uanze na namba 1.